Sisilia kwa Posta

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mjukuu wangu je, afya yake? Sisi wazima. Mama yako yuko cherehani tangu asubuhi.

Hatua yako ya sataranji imefika. Nilisogeza askari wa mfalme, nawe umenijibu kwa Ulinzi wa Sisilia, kisiwa nisichokijua ila kwa ubao. Vizuri. Farasi wangu wa kulia anatoka.

Safari ya siku nzima ndani ya basi siitaki. Hata hivyo, sharti lako nimelikubali: ukinifunga, nitakuja kumwona mtoto. Usitegemee huruma.

Baba yako


11 Agosti

Baba, shikamoo.

Hatujambo. Mtoto kaota meno; jana kamng'ata daktari.

Baba, kwa mianzo ya sataranji umenitembeza Vienna, Uskoti na Sisilia, yote hapo sebuleni. Kwangu tu ndiko hujafika! Haya, malkia wangu anamla farasi wako. Umekwisha.

Mwanao


29 Agosti

Mwanangu,

Natumai hamjambo. Pole kwa daktari.

Malkia wako hawezi kumla farasi wangu. Njiani amesimama askari wako mwenyewe. Nilikufundisha kutazama kabla ya kugusa. Rudia hatua.

Baba yako


15 Septemba

Baba, shikamoo. Huku wazima.

Nimetazama mpaka macho yameuma. Kwangu hiyo njia ni nyeupe! Huyo askari ulimla mwenyewe mwezi wa sita. Sirudii. Hebu muulize mama.

Mwanao


6 Oktoba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimemuuliza. Alihitaji meza kukatia gauni la bibi harusi, akaondoa kila kitu, kisha akarudisha kete "zilipopendeza".

"Zilipompendeza nani?" nikamuuliza.

"Mimi. Mlikuwa mmewabana kona moja kama foleni ya maji. Na yule aliyekuwa nje ya ubao nilimwonea huruma."

Kwa hiyo tangu Juni mimi nacheza mchezo wangu na wewe wako. Mshindi hajulikani. Nikapendekeza tuanze upya, kwa Vienna. Mama yako akaweka mkasi chini.

"Mkimaliza huo, mtoto atakuwa na ndevu. Umefungwa au hujafungwa?"

Mimi si mtu wa kusema nisilolijua. Siwezi kusema sijafungwa.

Tiketi amekwisha kukata, yake na yangu, za tarehe ishirini. Tupokee stendi. Nijibu upesi: huko kwenu kuna baridi? Nije na koti?

Babu yake