Kipande cha Ini Lako

Kaka Rashidi,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini sijawahi kuanza kusema nawe bila shikamoo, na leo nina jambo zito.

Unakumbuka ilivyoanza. Patasi ikawa inakucheza mkononi, ukavunja pua ya kinyago ambacho mteja alishakilipia. Kisha ulimi ukawa mzito, mate yakawa yanakutoka. Fundi mkuu wa karakana akakwambia, "Rashidi, acha gongo kwanza, ndipo urudi." Wewe ambaye hukuwahi kuonja hata togwa lililochacha. Na mie, Mungu anisamehe, siku moja nilikwambia, "Kaka, hebu hema." Ukanihemea usoni. Hukukasirika. Ulinuka karafuu tu.

Ulipokonda, Tandale nzima ikasema ni UKIMWI. Mama akasema huna damu. Akawa anakununulia maini sokoni, na korosho za kutoka kwa mjomba Newala. Ulikuwa unakula kwa shida, ili umridhishe.

Tulipokulaza hospitali, macho yalikuwa yameshakuwa manjano na tumbo limejaa maji. Pale wodini palikuwa na daktari mmoja mama mtu mzima, anayefanya utafiti wa madini katika damu. Alikumulika jicho, akaniita nitazame. Kulikuwa na duara la kahawia ukingoni mwa jicho, kama pete. "Hii ni shaba," akaniambia. "Sote tunaila kidogo kwenye chakula, na ini linaitoa. Ini la kaka yako haliwezi kuitoa. Inajaa humo, kisha inapanda kichwani. Amezaliwa hivyo." Siku ya pili yake ukatutoka.

Sasa nikwambie nililolificha. Baba alikuwa ameshatoka kutafuta gari la kukuleta nyumbani, maana ulitakiwa uzikwe kabla ya alasiri. Daktari akanivuta pembeni. Akasema hawezi kuwa na uhakika bila kupima ini, anaomba kipande kidogo, kwa sindano. "Mko wangapi mliozaliwa naye?" akaniuliza. Nikasema, "Mie na mdogo wetu Hawa." Akasema, "Basi naomba kwa ajili yenu."

Nikasaini.

Baba Mdogo alipomaliza kukuosha alitoka nje, akaniuliza ile plasta ubavuni ni ya nini. Nikamwambia, "Walimchoma dawa." Nilidanganya, kaka, na wewe bado umo ndani ya nyumba.

Kipande kilipelekwa nje ya nchi, majibu yakakaa miezi. Yalipokuja, mie na Hawa tukaitwa. Tukatolewa damu, tukakusanya mkojo wa mchana na usiku kwenye dumu. Mie sina ugonjwa. Hawa anao. Hawa, ambaye hajawahi hata kumwaga chai. Shaba imeshaanza kujaa ndani yake.

Ikabidi niseme yote nyumbani. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia yake akaenda msikitini. Hakunisemesha wiki nzima. Mama hakuuliza habari ya sindano kabisa. Alitaka nimsomee karatasi ya vyakula ambavyo Hawa amekatazwa. Nikasoma: maini, korosho, pweza. Akaniambia, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa namlisha." Nikamweleza kwamba maini hayakukuua, ugonjwa ulikuwamo tangu tumboni, yeye na Baba kila mmoja alibeba nusu bila kujua. Hapo ndipo nilipoharibu. Akaniangalia. "Na baba yako ni mtoto wa mjomba wangu, damu moja," akasema. Tangu hapo hali chakula vizuri, na akifika karibu na bucha anavuka barabara.

Hawa anameza vidonge kila siku. Daktari ndiye anayetuletea kutoka nje, na utafiti wake ukiisha sijui tutavipata wapi. Maduka ya dawa ya watu binafsi siku hizi yako kila kona, lakini nikitaja jina la dawa wanatikisa kichwa. Na Hawa mwenyewe amechoka. "Dada, mie siumwi. Kwa nini nimeze dawa ya marehemu?" Nikamwambia, "Kwa sababu marehemu hakuipata." Alinuna, akameza.

Juzi Baba aliniita uani. Akasema, "Siku ile ungeniuliza, ningekataa." Akavua kofia yake, akaikung'uta. Kisha akasema, "Afadhali hukuniuliza."

Lakini na wewe sikukuuliza, kaka. Nilikugawa ukiwa huna la kusema. Nimejiambia mara nyingi kwamba ungekubali, ila siwezi kuapa. Kama nilikukosea, niwie radhi.

Mungu akupe wepesi huko uliko. Huku, kila alfajiri nitasimama na Hawa mpaka kidonge kishuke. Vikikosekana nitavitafuta, nitapiga hodi kila ofisi mpaka wanichoke. Sitamzika na yeye.

Mdogo wako,
Somoe