Kitabu cha Bafta

Jumatatu, 3 Februari 1992

Nimechoka. Tangu wenye bunduki wanichukulie cherehani nashona kwa mkono, na shingo haigeuki. Meza yake waliniachia — ahsante yao!

Leo kaja mke wa bwana mmoja wa bunduki na kitambaa cha zambarau kinachong'aa. Ataka gauni la mikono ya puto, kama aliloliona kwenye video ya arusi. Kismayu haina maji, haina unga, yeye ataka mikono ya puto! Nikapokea. Nani angekataa? Na kusema kweli sikutaka kukataa. Kitambaa kibaya, lakini kinaanguka vizuri, na mikono yangu ilikuwa na hamu.

Mwanangu Marwa kanililia kitabu cha paka. Vile vitabu vya picha alivyoletewa na baba yake kutoka Mombasa havipo. Nilivichoma mimi mwenyewe Desemba, kumpikia Bimdogo uji. Mtoto ana miaka sita. Sasa afungua viganja viwili, ainamisha kichwa, asoma humo. Sikuweza kumtazama.

Jumatano, 5 Februari

Nitamshonea kitabu! Cha nguo. Hakichomeki haraka na hakiibiwi, nani ataiba?

Nilimwambia Bimdogo sina kitambaa cheupe cha kurasa. Mama mkwe wangu huyu mguu haumbebi tena, ila ulimi uko palepale. Kanielekeza sandukuni kwake, chini kabisa. Bafta safi, imekunjwa vizuri, yanuka karafuu maiti. Nikajua kaiweka hivyo kwa ajili ya nondo. Niliuliza kama kweli nikate, mbona nyingi hivi.

"Kata, Hafswa. Kichu kikilala sandukuni chamfaa nani?"

Nikakata. Mkasi ulipita kama kwenye maji. Ni muda mrefu sijafurahi hivi.

Ijumaa, 7 Februari

Gauni limekwisha na bibi kapenda. Kageuka mara tatu mbele ya kioo kilichovunjika. Fundi hakosi kipande: masalio ya zambarau nimeyafanya pweza. Pweza wa zambarau, na Marwa hajaona ajabu.

Kurasa nne tayari. Kisima cha Chovae, kisiwani kwetu, nyumba ya babu yake, pweza, kaa. Chini ya kila picha nimedarizi maneno kwa uzi mwekundu, kwa lugha yetu. Skuli tulisomeshwa Kisomali, kitabu chenye lugha ya nyumbani sijapata kukiona. Mimi mwenyewe nilisita herufi ziandikweje! Bimdogo ndiye hakimu. Nasoma, yeye akubali au acheka. Ukurasa wa kaa kanifumulisha mara mbili, eti kaa gani huyu ana miguu ya mbuzi.

Famau, binamu ya mume wangu Bakri, kaleta habari. Bakri yuko Chovae, kapata chombo cha kutuvusha mpaka Kenya. Famau atatuchukua kwa mashua yake akipata mafuta. Tujiweke tayari.

Jumapili, 9 Februari

Sijui nianze wapi.

Asubuhi kaja Bi Hanan, mwosha maiti wa mtaa wetu. Mke wa jirani yetu Sheikhan kapigwa risasi kisimani. Mji mzima hakuna bafta, waliokufa wameimaliza. Akaketi kitandani kwa Bimdogo, akaomba kwa adabu kabisa:

"Bimdogo, tuazime sanda yako. Tutailipa, inshallah."

Bimdogo kasema hanayo tena.

Bi Hanan kashangaa. Ile aliyoileta Bakri kutoka Makka? Bimdogo kajibu ndiyo hiyo, kampa mchu mwenye haja nayo. Hakunitazama. Nilikuwa nimeshika ukurasa wa tano mkononi na sindano imo ndani yake.

Mke wa Sheikhan kazikwa kwa pazia.

Sanda! Nimekata sanda ya mama mkwe, nimeichora pweza! Karafuu maiti yanuka puani kwangu na mimi nawaza nondo. Kila mzee wa mji huu anayo yake sandukuni, na mimi sikufikiri hata mara moja.

Bakri aliinunua alipokuwa baharia. Kaiosha kwa maji ya Zamzam kwa mikono yake, kaianika, kaisimamia mpaka ikauke isiangukiwe na vumbi. Amenihadithia zaidi ya mara moja. Ndicho kitu pekee anachojivunia kumfanyia mama yake.

Jumatatu, 10 Februari

Nimezunguka kutafuta bafta. Duka hili tupu, lile tupu. Nimepata shuka ya maua tu.

Jioni nilianza kuufumua ukurasa wa kisima. Uzi umetoka, matundu ya sindano hayakuondoka. Bimdogo kaniona, kaninyang'anya.

"Wacha! Ntaiwekea nini? Kaburi lenyewe sijui nitalipata wapi, nguo ya kaburi ya nini? Mwana huyu aenda kwa wachu asiowajua. Ende na kwao mkononi."

Nikamwambia Bakri atauliza. Kaukunjua ule ukurasa mapajani. Halafu kasema, kwa sauti ndogo, basi atauliza. Nikalia, naye kaniacha nilie. Kisha kanirudishia, nikaudarizi kisima upya katika matundu yaleyale.

Jumatano, 12 Februari. Chovae

Tumefika. Mgongo hauna hali. Famau alitushusha kabla ya kufika ufukweni, maji yakiwa kiunoni. Yeye na nduguye walimbeba Bimdogo. Ana homa tangu jana, na usiku kucha alimwita marehemu mumewe. Tumemlaza nyumba ya babu, ileile ya ukurasa wa pili. Paa limeanguka upande mmoja. Marwa kaenda na kitabu mlangoni, kalinganisha, kaniambia nimekosea dirisha.

Bakri kaja sasa hivi. Kakonda! Kambusu mama yake mkono, kamgusa paji, katoka nje haraka. Nikamfuata. Asema chombo chaondoka kesho, mama yake hafiki kesho, naye hamwachi. Kisha kauliza polepole, Marwa asisikie:

"Sanda ya mama mumeileta?"

Nilikuwa na maneno, niliyapanga njia nzima.

"Hafswa. Mumeileta?"

Bimdogo kasikia. Kutoka ndani kaita, sauti imekatika: "Marwa! Msomee babako."

Marwa kapanda mapajani kwake. Naandika hapa kizingitini, kwa kuwa nisipoishughulisha mikono yangu sijui nitafanya nini. Asoma kisima. Asoma nyumba. Bakri atabasamu, asifu ule uzi mwekundu, amuuliza mwanawe pweza gani huyu wa zambarau. Kashika ukurasa wa pweza kwa vidole viwili, ausugua kidogo. Sasa aupeleka puani.

Marwa amwambia asiuzibe, bado hajamaliza kusoma.

Hajautoa puani.