Ng'ombe wa Mektilda na injini ya boti

Georgina, ng'ombe hawapo.

Nimetoka Lamadi sasa hivi. Nilienda kumwambia Ndaki, baba yake Mektilda, aachane na kununua injini kubwa, ng'ombe wa mahari ya binti yake wasiguswe. Mtoto karudi kwangu jicho limevimba, na wakwe wanataka mke wao au ng'ombe wao.

Nimekuta injini imeshafungwa kwenye boti. Kauza wote. Wote, Georgina.

Ananiambia, "Mama Mektilda, panda uone mwendo." Mwendo. Nikamwambia binti yako kapigwa. Akaendelea kufuta injini kwa kitambaa. "Basi arudi kwa mumewe. Mimi wakwe zake nitawapa nini?"

Nimefika nyumbani. Mektilda kaniuliza kama baba amekubali kurudisha ng'ombe.

Nimemwambia ale kwanza.