Meli ya Tatu

Mafiga, Morogoro
Jumapili, baada ya misa

Kaka Fransisko,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Kigoma, wewe na wifi Rehema, na kwamba kifua chako kimepata nafuu. Sisi huku tunaamka. Mama anakula vizuri kuliko mwezi uliopita, ingawa bado hujisahau akampakulia Emmanuel. Mvua zimeanza kule juu, na barabara ya Mkuyuni imeharibika tena. Chuoni ni wakati wa mitihani, nami nashinda nikisahihisha.

Ningekupigia, lakini siku hizi simu zetu hazimaliziki vizuri. Mmoja wetu hukata. Nimeona bora niandike, unisome mpaka mwisho ndipo unijibu.

Ulisema utakuja kwenye misa ya kumwombea ndugu yetu Emmanuel kwa sharti kwamba mjomba Ernest asikae kwenye kiti cha mjomba wa ukoo. Nilipanda mlimani mwenyewe kumfikishia, kama ulivyosema. Alisikiliza, akaniuliza kama nimekula, akatoka kwenda kufunga mbuzi.

Nivumilie nianzie mbali. Likizo ile uliyorudi kutoka chuo cha wanamaji ulinisimulia habari za meli tatu za kivita za Waingereza, Bahari ya Kaskazini, Septemba mwaka 1914. Ya kwanza ilipigwa, nahodha akadhani ni bomu lililotegwa majini, akaziita zile mbili. Ya pili ikasogea kuokoa watu, ikapigwa. Ya tatu ilikuwa imeyaona yote hayo, nayo ikabaki palepale kuokoa, ikapigwa. Kumbe ilikuwa nyambizi moja tu ya Wajerumani. Walikufa watu zaidi ya elfu moja na mia nne. Baadaye wakuu wao wakaamuru meli kubwa zisisimame tena kuokoa mahali pa hatari ya namna hiyo.

Kisa hicho nakifundisha kila mwaka kwenye somo la maadili. Wanafunzi wengi humlaumu nahodha wa tatu. Wanasema aliongeza maiti bila kuongeza hai. Mwaka huu binti mmoja, Hosiana, akabisha. Alisema nahodha anayewapita wenzake majini ataifikisha meli bandarini, ila mabaharia wake hawatamwamini tena. Nilimpa alama nzuri. Hayo yalikuwa kabla ya kisima.

Ya kisimani uliyasikia vipande vipande msibani, katikati ya vilio, kwa hiyo nitayapanga upya. Emmanuel alitaka kuongeza kina cha kisima chake cha bustani ya mboga, akamleta Abuu, fundi wa visima kutoka Mwembesongo. Maji yaliwasumbua, wakateremsha mashine ya petroli ya kuvutia maji mpaka chini kabisa, ikawashwa humo humo. Ilipozimika, Abuu akashuka kuiangalia. Hakupanda. Emmanuel akamwita, akaona hajibu, akashuka upesi bila kamba. Naye akanyamaza.

Mjomba Ernest alikuwa anapalilia migomba jirani, akaja mbio na jembe lake. Hakujua lolote kuhusu sumu ya moshi wa mashine uliojaa kisimani. Hilo tulielezwa na zimamoto baadaye. Alichokijua ni kwamba wawili wameshuka na wote wamenyamaza. Akasimama mdomoni mwa kisima, akazuia watu. Vijana wakamtukana, yeye akasema neno hilo moja ambalo limezunguka milima yote: "Wawili wamenyamaza. Wa tatu sikipi." Zimamoto walipofika kutoka mjini na vifaa vyao, waliwatoa wote wawili wakiwa wamekufa.

Msibani ukasimama wewe, mbele ya wazee wa ukoo, ukasema mjomba anayemwacha mpwa wake afe shimoni hawezi kuitwa mjomba. Wengi waliitikia kwa vichwa. Mimi pia sikukuzuia. Unajua uzito wake kwetu Waluguru, ambao ukoo wetu hufuata mama: Emmanuel ndiye aliyekuwa akiandaliwa kushika kiti cha mjomba. Ernest alikuwa anamwacha chini mrithi wake. Ulipokuwa unasema alitazama mikono yake.

Kaka, sasa kaa chini. Huyo wa tatu alikuwa Neema, mwanao.

Alikuwa zamu pale zahanati, mtu wa bodaboda akamfuata. Alifika amevaa sare yake ya unesi, akajifunga kamba kiunoni, akawaambia vijana wamteremshe. Alikuwa ameshaweka mguu ndani. Mjomba alimsihi, hakusikia; alipomshika, Neema akachomoka. Ndipo mjomba akampiga mkononi kwa mpini wa jembe, akamwangusha, akamlalia palepale kwenye udongo huku Neema akimng'ata na kumlilia amwachie akamtoe baba yake mdogo. Ule mkono uliouona umefungwa bandeji haukuumia kwenye pikipiki kama alivyokuambia.

Walioshuhudia walinyamaza kwa sababu Neema aliwaapisha. Mimi aliniambia wiki iliyopita tu. Nilimuuliza kwa nini amemficha baba yake. Akanijibu, "Baba angemshukuru. Nisingeweza kusikia babu Ernest anashukuriwa." Yeye anaamini Emmanuel alikuwa bado anapumua. Daktari aliyeupima mwili wake nimemuuliza; anasema hilo hakuna awezaye kulijua.

Mjomba nilimuuliza pia, kwa nini alivumilia maneno yako ilhali neno moja lingemtoa lawamani. Alisema mtu mzima hajikingi kwa mtoto wa mwenzake. Basi. Na Neema, kwa hesabu yetu, ni wa ukoo wa wifi. Si wa ukoo wake. Aliyemwokoa hakuwa wake, na wake akamwacha.

Usitarajie nikuambie kama alifanya sawa. Vitabu vyangu vina watu wanaohesabu roho, na vina wanaosema mtu anayezama mbele yako hahesabiwi pamoja na wengine. Wote humzungumzia nahodha wa tatu. Sijapata bado anayemzungumzia mtu ambaye angemshika nahodha huyo kwa nguvu, akaishi naye kijiji kimoja miaka yote iliyobaki. Neema akikutana na mjomba njiani humwamkia, naye huitikia, kila mmoja akapita zake. Nyumbani kwake haendi.

Ni Neema mwenyewe aliyenituma. Alisema, "Mwambie baba. Sijamsamehe babu, lakini asiondolewe kwenye kiti kwa sababu yangu." Amebadilishana zamu na mwenzake ili awepo siku ya misa.

Njoo, kaka. Sharti lako sijalijibu kwa niaba ya yeyote, utaliamua ukishafika. Mama anakusalimu sana na anauliza kama huko kuna magimbi. Msalimie wifi, na umsomee barua hii wewe mwenyewe, taratibu, asiisome peke yake.

Nakuomba jambo moja tu. Ukiona moyo wako unakutuma kumshukuru mjomba, mshukuru. Ila Neema asiwe karibu.

Ni mimi mdogo wako,
Irene