Uji Uliokataa Kulegea

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, salamu zako zimefika hapa Runzewe. Mama yako hajambo, yuko shambani anapalilia karanga.

Unauliza kwa nini naogopa huo wanga mnaoutia kemikali kiwandani kwenu ili usimeng'enywe haraka. Mama yako alipokuwa mchanga na kuanza kula, nilikuwa nikilegeza uji wake mzito kwa kijiko cha kimea, unga wa mtama uliooteshwa, ambao humeng'enya wanga. Siku moja nilinunua unga mgeni, mweupe ajabu. Nikatia kimea, nikasubiri. Uji haukulegea hata kidogo, kana kwamba unga ule haumeng'enyeki.

“Mpe, mtoto ana njaa,” mama mkwe akasema.

Nikaumwaga. Mtoto alilia mpaka akapitiwa na usingizi.

Hadi leo sijui nilimwaga sumu au chakula. Nyinyi mnajua mlichotia. Kiandikeni kwenye mfuko, mjukuu wangu.

Bibi yako