Baba, Punda Wako Sasa Anakula Nyasi

Baba,

Leo sikuamkii. Shikamoo yangu nimeibakiza nyumbani kwa Mama, anayestahili. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kikurya ningeogopa. Kwa Kikurya mimi ni mtoto wako na sina la kukuambia. Kiswahili nimekipata darasani, kwenye kisomo cha watu wazima ulichokiita mchezo wa wanawake wasio na kuni za kuchanja, na humo wewe hunitishi.

Nimeanza barua hii mara tatu. Kila mara nilianza kwa kukuhurumia, nikachana karatasi. Sasa nasema moja kwa moja: punda wako ametulia. Bwanashauri, yule uliyesema ana pepo, ambaye kijiji kizima kilimpisha njia, sasa anateremka mtoni na madebe mawili mgongoni na kupanda nayo bila kumwaga. Sikumpeleka kwa mganga. Nilibadilisha chakula tu. Kile ulichoambiwa ukakataa, nimekifanya mimi, na sijui kama nicheke au niende nipige kelele porini.

Unakumbuka tulipohamishiwa kijijini? Nyumba zikapangwa mstari kama wanafunzi, malisho yakabaki kule tulikotoka, na Bwanashauri akafungwa kamba nyuma ya jiko. Badala ya kunituma nikamkatie nyasi, wewe ukaona aibu. Ulisema, "Punda wangu hatakula majani makavu kama punda wa maskini. Majirani wataniona nimefilisika." Kila Mama alipopika pombe ya kuwaita watu palizi, machicha yote ya pombe hiyo yakaenda kwa punda. Asubuhi karai la machicha, jioni pumba na mahindi mabichi. Wageni walipokuja uliwapeleka nyuma ya jiko wamtazame anavyonawiri. Ulimlisha kama mgeni, na alipoanza kurusha mateke ukampiga kama mwizi.

Bwana mifugo alikuja, yule kijana mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Alimtazama Bwanashauri akivunja boma, akasema maneno machache tu: "Mzee, punda hahitaji anasa. Huyu mnamlisha moto halafu hana kazi wala mwenzake. Mpunguzie nafaka kidogo kidogo, mpe majani makavu, magadi ya kulamba, na mnyama wa kusimama naye." Nilikuwa nimeshika ndoo pale mlangoni, nikasikia kila neno. Na jibu lako nililisikia. "Mura, kijana wewe, kwenu mnafuga migomba. Punda umemfuga lini?" Watu wakacheka. Wewe ulicheka kuliko wote. Yule kijana akafunga daftari lake, akapanda baiskeli, hakurudi tena kwetu mpaka msiba wako.

Badala yake ukaenda mnadani Mugumu, ukarudi na dawa ya kutuliza wanyama uliyouziwa na mtu usiyemjua hata jina. Unga mweusi ndani ya karatasi. Ukamchanganyia na pumba. Bwanashauri alipiga chafya mpaka akakaa chini, ukatuita tuone, "Ametulia!" Kesho yake aling'ata mlango wa jiko. Baba, ule unga niliuonja. Ulikuwa ugoro. Ulimnunulia punda ugoro, na aliposusa ukaumaliza mwenyewe kimya kimya, nikakuona, nikanyamaza kwa sababu ndivyo mlivyotulea. Mifugo ni mambo ya wanaume. Mwanamke anajua tu pale mnyama anapompiga.

Na alimpiga.

Siku ile sitaki kuiandika lakini ndiyo inayonifanya niandike. Mama alikuwa anashusha kuni. Bwanashauri alikuwa amekula machicha ya siku mbili, macho mekundu, anatetemeka ngozi. Teke moja la nyonga. Nilisikia mfupa, Baba. Nilikuwa ndani na bado nilisikia. Nilipotoka nje Mama yuko chini, hapigi hata kelele, ameng'ang'ania nyasi alizozing'oa kwenye paa la jiko. Wewe ulitoka nyumba kubwa ukikimbia, na nilishukuru kukuona unakimbia. Ukampita. Ukaenda ukainua mguu wa punda, ukaupapasa kuona kama umeumia. Halafu ndipo ukageuka ukamwambia mkeo aliyelala chini, "Ulisimama vibaya."

Miaka ishirini na saba amekupikia yule mwanamke. Ulisimama vibaya.

Kesho yake asubuhi karai la machicha lilikuwa palepale.

Ulipougua kifua nilikuuguza. Nilikulisha uji, nikakuogesha, na moyoni nilikuchukia, naandika neno hilo kwa herufi kubwa kubwa uone: NILIKUCHUKIA. Ulipokufa nililia. Usiniulize vyote viwili vilikaaje mahali pamoja. Msibani walisimama mmoja mmoja wakisema ulikuwa mtu wa kupenda mifugo. Mama aliketi kwenye ngozi na fimbo yake pembeni. Hakuna aliyemuuliza.

Baada ya tanga, Baba Mdogo Mwita alikuja kama mrithi wa boma. Akasema Bwanashauri achinjwe ngozi ikatengeneze kamba, kwa kuwa ni mnyama aliyemvunja mke wa kaka yake na hana faida. Hapo nikaona giza. Mama hawezi tena kwenda mtoni. Mimi ni mmoja: shamba letu, zamu ya shamba la kijiji, kuni, kumgeuza Mama kitandani. Maji yako chini ya bonde. Bila punda, mmoja wetu angekufuata kaburini mapema. Nikasimama mbele ya wanaume, Baba, nikasema, "Baba Mdogo, nipe mpaka palizi iishe. Asipobeba maji, mchinje." Walinitazama kama niliyevua nguo. Mama peke yake ndiye aliyetikisa kichwa kukubali.

Sasa sikiliza nilivyofanya, maana hukutaka kusikiliza ulipokuwa na masikio.

Kwanza nilikosea. Kwa hasira nilimnyima machicha yote siku hiyohiyo. Nadhani nilikuwa nakunyima wewe. Alivunja boma, akala miche yote ya mboga ya jirani, akalia siku nzima kama bati linalokatwa, na Baba Mdogo akaja na panga akaketi kwenye kigogo chako, anangoja tu. Nilitembea mpaka ofisi ya kata kumtafuta yule bwana mifugo. Nilitegemea anicheke kama mlivyomcheka. Hakucheka. Alisema, "Nilisema kidogo kidogo, dada."

Basi nikapunguza machicha konzi moja kila siku. Palipopungua nikaweka nyasi kavu, zile za kuezekea, na mabua ya mtama. Alizitema siku nne. Siku ya tano akatafuna huku ananikazia jicho. Nikamfungia bonge la magadi kwenye mti alilambe. Nikamfunga pamoja na yule mbuzi jike aliyekatika pembe, na wakaanza kulala migongo imegusana. Pumba nikaacha kabisa. Mama, akiwa ameketi mlangoni, ndiye aliyenieleza kila siku: leo masikio yamelala, leo amekojoa bila kutetemeka, leo nzi wametua na hakurusha mguu. Kumbe wakati wote ule alikuwa anamsoma kuliko wewe. Kama ungemuuliza mkeo jambo moja tu, lolote.

Palizi haijaisha, nikamwekea debe moja tupu. Kisha mawili. Kisha maji. Baba Mdogo alipotuona tunapanda kutoka mtoni alikunja uso, akaniuliza, "Umempa dawa gani?" Nikamwambia nyasi. Haamini mpaka leo. Ameeneza kwamba binti yako Robhi ana dawa aliyoipata kwa watu wa Bukoba na anawanyima ndugu. Lakini panga amerudi nalo kwake.

Huo ndio ushindi wangu, na hauna utamu. Kila Bwanashauri anapofanya vizuri ninakasirika upya. Ilikuwa rahisi hivyo! Nyasi! Mama angekuwa anatembea sawasawa.

Kuna jambo moja linalonisumbua na nitalisema, nisije nikawa mwongo. Nilipokuwa mdogo ulinipandisha juu ya punda huyuhuyu kwenda Mugumu, na ukaushika mguu wangu kwa mkono wako njia nzima ili nisianguke. Hukubadilisha mkono hata mara moja. Punda alikuwa mpole. Nimefikiri, nikakumbuka: wakati ule alikula alichokikuta njiani, na wewe hukuwa na majirani wa kukutazama. Hapo hasira yangu inakosa mahali pa kukaa kwa muda kidogo. Halafu namsikia Mama akivuta mguu wake kwenda jikoni, nayo inarudi.

Majuma mawili yaliyopita Mama aliumwa sana na nyonga, zahanati iko mbali, na baiskeli ya kumbeba ilikuwa haina tairi. Alimtazama Bwanashauri pale nje. Akasema, "Nipandishe." Mimi ndiye niliyeogopa. Yule mnyama aliyemvunja! Nilimkunjia blanketi mgongoni, nikamwinua Mama, na Bwanashauri akasimama tuli mpaka Mama akakaa vizuri. Watoto walitufuata wakicheka kumwona mama mtu mzima juu ya punda. Mama alisema wacheke, mguu si wao.

Njia ya zahanati inapita chini ya mahame yetu, boma letu la zamani ulikotaka uzikwe. Pale njia panda Bwanashauri alijua kwao, akageuza shingo apande. Kaburi lako linaonekana kutoka pale. Majani yamelifunika, msalaba umeinama, hakuna aliyefyeka tangu tulipokuacha. Nilishika kamba nikamtazama Mama, nikimwachia aamue. Alilitazama kaburi. Alipangusa uso kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, "Twende. Nyonga inauma."

Tukapita.

Kwaheri, Baba. Sitakuja peke yangu kukufyekea, na Baba Mdogo nimemwambia asije. Ahadi yangu ni hii: siku Mama atakaposema tusimame, nitamshusha taratibu, nitafunga punda, na nitalima kaburi lako mpaka liwe safi kuliko makaburi yote ya ukoo. Nitafanya hivyo hata kama ni mvua, hata kama ni siku ya mwisho ya maisha yake.

Sasa tunakwenda zahanati kila Jumanne. Jumanne mbili zimeshapita.

Mwanao,
Robhi