Musalaba ku mukono ya Tate Athanasie

Libérata, ile tatouage ya musalaba nilitaka kujichora, mimi basi, naiacha. Babu yangu, Tate Athanasie, amenionyesha mukono yake.

Nyamitaba, 1953. Kesho yake angebatizwa. Akachukua chuma yenye baba yake alikuwa anachomea ng'ombe alama, akajichoma musalaba. Ati Mungu asimupoteze.

Padri akakasirika: «Ubatizo njo alama. Mwili yako iko nyumba ya Mungu, haiko ngozi ya ng'ombe.»

Ile alivumilia.

Lakini baba yake, Papa Makuza, hakugomba. Hakugomba, Libérata. Alishika ule mukono, akauliza pole pole: «Ulichukua chuma ya musalaba?»

«Ndiyo, Papa.»

Akaikala chini. «Mwanangu, ile tunachomeaka ng'ombe ya kuchinjwa.»

Tangu ile siku, kila asubui, mbele ya kufungulia ng'ombe, alikuwa anaenda kwanza kuangalia kama Athanasie anapumua.